Bodi Mbili, Mashine Moja

9 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Na mkaza mjomba naye shikamoo yake ya peke yake, maana najua hapendi kuunganishwa kwenye yako. Mwambie kitambaa cha meza alichonishonea kimefika salama. Ni kikubwa kuliko meza yangu, kwa hiyo sasa natafuta meza.

Mimi ni mzima. Kifua kilinisumbua kidogo, kikapona chenyewe kilipoona sikijali. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya kijani, kijani kile cha hospitali, na wapangaji wote tunapanda tukijihisi wagonjwa.

Mjomba, kompyuta ya mama imekufa. Ile inayoendesha mashine ya kudarizi. Niliiwasha asubuhi nianze nembo za sare za shule, feni ikazunguka kidogo, ikatoa harufu ya plastiki, ikanyamaza. Tangu mama atutoke, mashine iko hapa kwangu sebuleni, inakula nusu ya chumba kama mgeni asiyeaga. Sasa imesimama kimya na mimi naizunguka nikienda jikoni.

Kuna fundi wa kompyuta hapa mtaani, tunamwita Daktari kwa sababu huvaa glavu akifungua mashine za watu. Ameitazama akasema bodi mama imeungua. Vile vikopo vyake vidogo vimevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Ameniwekea mezani bodi mbili mpya nichague, nami uwezo wangu ni wa moja. Zote zinapokea prosesa ile ile. Tofauti yake, anasema, ni chipseti.

Nikamuuliza, "Chipseti ndiyo nini?"

"Dada, chukulia ni ubongo wa kompyuta."

"Na prosesa je?"

"Na hiyo pia ni ubongo."

Nikaona heri nikuandikie wewe.

Bodi ya kwanza ina chipseti kubwa. Ina nafasi nne za ramu, nafasi tatu za zile diski nyembamba za kasi, na matundu ya kuchomeka vitu mpaka unajiuliza mwenye vitu vyote hivyo ni nani. Ya pili ina chipseti ndogo: nafasi mbili za ramu, diski moja ya kasi, basi. Lakini pembeni ina ile nafasi ndefu nyeupe ya zamani, inayoingia kadi ya mama, ile inayoongea na mashine. Daktari anasema bodi za namna hiyo hutengenezewa viwanda na ofisi, na kwake imekaa sana bila kuuliziwa.

Nataka kompyuta iendeshe mashine, na pia inifanyie kazi zangu nyinginezo. Unasemaje?

Nilijaribu kukupigia simu mara kadhaa. Ulikuwa unajibu "Naam, naam" hata pale nilipokuuliza saa ngapi.

Mpwa wako,
Chiriku


2 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, mara mbili, moja ni ya mkaza mjomba wako. Anasema kitambaa si kikubwa, meza ndiyo imedumaa. Simu ile ina matatizo ya mtandao, usiitegemee. Barua ni bora.

Sisi ni wazima. Nimeng'olewa jino lililonitesa tangu mwaka jana na sasa nikipiga mluzi unatoka upande. Jogoo wa jirani bado yuko hai, na mkaza mjomba wako bado ana mipango naye. Tunakukumbuka sana.

Haya, kaa vizuri, nianze darasa. Miaka yote niliyofundisha chuo cha ufundi, mada ya chipseti ndiyo iliyowafanya wanafunzi waanze kutazama dirishani, nami nilijifunza kuwarudisha hivi. Fikiria ofisi ya mkurugenzi. Mkurugenzi ni prosesa: yeye ndiye anayefikiri na kuamua. Wapo wachache wanaoingia kwake moja kwa moja bila kubisha hodi, nao ni ramu, kadi ya picha, na diski moja ya kasi. Wengine wote, yaani diski nyingine, kibodi, sauti, mtandao, kadi za pembeni, wanapitia kwa karani wa mapokezi. Karani huyo ndiye chipseti. Mwambie Daktari wako, kwa adabu, kwamba si ubongo. Karani hafikirii kazi ya mtu. Anapokea, anapanga foleni, anapitisha.

Karani mkubwa ana madirisha mengi, karani mdogo ana machache. Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hulipita haraka: kati ya karani na mkurugenzi kuna mlango mmoja tu. Kwa karani mkubwa mlango huo ni mpana zaidi, lakini unabaki mmoja, na wote waliopokelewa wanapita hapo hapo. Kwa hiyo bodi kubwa haimwongezei mkurugenzi akili hata chembe. Inamfaa mtu mwenye wageni wengi wanaokuja kwa wakati mmoja. Asiye na wageni atakuwa amejenga ukumbi wa kulaza paka. Chipseti kubwa pia humruhusu mtu kumkimbiza mkurugenzi kupita mwendo aliozaliwa nao. Hilo usilijaribu. Nimeshanusa matokeo yake.

Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi: msiulize bodi gani, ulizeni kazi gani. Na kazi hapa naijua. Ni mashine ya mama yako.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki mwanzo wake. Mashine ilipofika karakana yetu ya kudarizi, mlango ukabidi uvunjwe upande mmoja ili ipite. Tulipoiwasha mara ya kwanza sakafu nzima ilitetemeka, na glasi ya maji ikatembea yenyewe mezani mpaka ukingoni, mama yako akaidaka bila hata kuitazama, meno yamebana uzi. Kompyuta yenyewe ilikuwa na ganda la rangi ya maziwa. Ukiibonyeza, ulikuwa na muda wa kufagia chumba, kumwaga takataka na kurudi, ndipo ikuulize unataka nini. Kadi ile nyeupe niliichomeka mimi. Nikamweleza dada kuhusu karani na mkurugenzi, nikamweleza kwa kirefu, ananisikiliza kwa heshima zote. Nilipomaliza akaniambia, "Kaka, kwa hiyo inafanya kazi au haifanyi?"

Kwa kelele ile hakuna aliyemsikia mwenzake. Ndipo tukaanza kuandikiana vikaratasi na kuvitundika kwenye msumari ukutani. Uzi mwekundu umeisha. Sindano ya nne inaruka. Mteja yuko mlangoni, nyoosha uso. Na mama yako akaweka kanuni yake, hata mimi kaka mtu sikuponyoka: kikaratasi hakibishaniwi. Kilichoandikwa kinafanywa kwanza, maneno baadaye mashine ikizimwa. Nimefanya kazi na maprofesa, sijaona ofisi iliyoendeshwa vizuri kuliko ile.

Jibu langu basi: Nunua ya pili. Nimepigia mstari. Nafasi nyeupe ya zamani inazidi kuadimika, ikikupita leo huenda usiipate tena. Weka diski mbili. Moja iwe ile ya mama yako yenye programu ya mashine, nyingine mpya kwa hizo kazi zako. Kila ukiiwasha utachagua iamkie wapi.

Niandikie kama kadi yake ina hali nzuri, na kama sindano zote bado zinashuka sawasawa.

Mjomba wako


11 Machi

Mjomba,

Shikamoo nyote. Mimi ni mzima, ila kazi zimenibana.

Nimenunua ya pili kama ulivyoandika. Daktari aliifunga, akaweka diski mbili, tukachomeka kadi ya mama. Imewaka. Mashine inafanya kazi, sindano zote zinashuka.

Meza bado sijapata.

Chiriku


30 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Barua yako fupi imenifanya nitembee nyumba nzima nikitabasamu, mpaka mkaza mjomba wako akaniuliza kama nimeokota kitu. Nikamwambia, "Mashine ya dada imewaka." Akakaa chini. Yeye naye aliwahi kukata nyuzi pale, kabla sijamwoa, na husema ndipo aliponipenda kwa sababu ndipo mahali pekee nilipokuwa siwezi kuhutubu.

Sasa nieleze vizuri, acha ubahili wa maneno, jina la Chiriku hukupewa bure. Sakafu yako inatetemeka? Ghorofani mtetemo unakuwaje, unapanda kwenye kuta? Ukiegemea mkono pembeni ya mashine, pale karibu na mota, bado kuna ile hali kama paka anayekoroma? Mama yako alikuwa anajua mota inahitaji mafuta kwa kuweka kiganja tu. Mimi nilikuwa na vipimo vya chuo, naye ana kiganja, na tulikuwa tunafika pamoja.

Juzi nilipita ilipokuwa karakana. Wameweka duka la miwani. Nimeingia nikajifanya mteja. Ukutani, nyuma ya kabati la vioo, bado kuna msumari wetu wa vikaratasi, wamening'iniza kalenda. Binti wa dukani akaniuliza, "Mzee, unaona vizuri hapo?" Nikamwambia naona vizuri sana. Akashangaa nimefuata nini.

Nilikuwa nafikiria, mambo yakikaa sawa, nije mwezi wa sita nikutembelee. Sitakusumbua. Nipe kiti karibu na mashine, inatosha.

Na hizo kazi zako nyingine zinaendaje? Hujasema ni zipi.

Mjomba wako


20 Mei

Chiriku,

Marahaba ya barua ambayo haijafika.

Nimehesabu makosa yote yanayoweza kutokea posta na bado hayajatosha. Kama ni mimi nimekukwaza, sema. Kama ni bodi imeharibika, hiyo ni shida ndogo, inatibika: toa ramu moja ujaribu na nyingine, kisha badilisha sehemu zake, kisha chomoa kila kitu kisicho cha lazima, uanze na kidogo ukiongeza. Kwa kawaida kosa hujitokeza lenyewe mtu akiwa na subira. Kama ni programu ya zamani inagoma, nina nakala yake kabatini.

Sisi ni wazima. Goti langu linalalamika lakini hulalamika kwa zamu. Mambo ya mwezi wa sita hayajakaa sawa sana, tutaona.

Andika hata mstari mmoja.

Mjomba wako

*Hapa sasa ni mimi, mkaza mjomba wako. Amekwenda kutafuta bahasha, nami naiba nafasi. Mwanangu, hakuna tatizo la mtandao wowote. Masikio ndiyo yanakwisha. Daktari, huyu wa kweli, amesema ni kelele za zamani pamoja na umri. Mimi nikimwita hasikii, jogoo hamsikii, ndiyo maana haoni haja ya mipango yangu na jogoo amesalimika. Hataki ujue. Juzi nimemkuta jikoni amesimama ameweka kiganja juu ya friji inayonguruma, macho amefumba. Nikamgusa bega nikamwonyesha kwa mkono, "Vipi?" Akasema, "Hii inakaribia." Mimi sikuelewa. Labda wewe utaelewa. Anarudi.*


8 Juni

Mjomba, na mkaza mjomba,

Shikamooni. Nisameheni kwa kuwaweka roho juu. Mimi ni mzima, bodi ni nzima, mashine ni nzima. Yasiyo sawa ni mambo yangu, na nimekuwa nikiyazunguka kama ninavyozunguka mashine kwenda jikoni.

Mjomba, kazi zangu nyingine ni katuni. Nachora picha zinazotembea. Kuna ofisi inayotengeneza masomo ya watoto wadogo, waliona michoro yangu, wakanipa majaribio mpaka mwisho wa mwezi wa nane: nitengeneze filamu fupi ya konokono anayefundisha kusoma saa. Wakiipenda, wananiajiri. Nimeitaka kazi hii tangu nilipojua kushika penseli, mama alikuwa akinikuta nachora nyuma ya vikaratasi vyenu.

Sasa sikiliza ilivyo. Kompyuta ikiamkia kwenye diski ya mama, inaendesha mashine na haiwezi kitu kingine. Nembo za sare zinachukua mchana kutwa. Wakati wote huo konokono amelala. Nikizima mashine niamkie upande wangu, picha ni nyingi na nzito, ramu inajaa kwa nafasi zile mbili, diski yangu ya kasi imejaa, na ile nyingine inapitia kwa karani wako mdogo na foleni yake. Nabonyeza, nakwenda kuosha vyombo, narudi, bado. Konokono wa bustanini anamshinda wangu mwendo. Ofisini wameniuliza mara mbili iko wapi sehemu ya pili, nikasema nina tatizo la mashine. Sikudanganya.

Utaniuliza kwa nini nilinunua ya pili wakati najua kazi yangu. Mjomba, uliandika "Nunua ya pili." Ukapigia mstari. Mimi nimekulia kwenye msumari ule. Kwetu kilichoandikwa kinafanywa, maneno baadaye. Niliinunua siku hiyo hiyo barua ilipofika, Daktari akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba hukuwa mama, na kwamba nilikuwa nimekuuliza, sikuwa nimeagizwa.

Halafu ikaja barua yako ya sakafu inayotetemeka. Ningejibu nini? Uliandika kwa furaha mpaka mwandiko ukapanda mlima. Nikaona heri ninyamaze.

Mama hakuniomba niiendeleze mashine. Hakuna aliyeniomba. Ila hakuna pia aliyeniambia naweza kuacha. Kila nikiwaza kuizima, naona nitakuwa mimi ndiye niliyemaliza karakana, wakati hata msumari wake bado uko ukutani.

Maneno ya chini ya barua yako nimeyaelewa, mkaza mjomba. Jana nilizima taa na redio, nikawasha mashine, nikaweka kiganja pale karibu na mota. Paka bado yumo, Mjomba.

Niambie la kufanya. Lakini mara hii usipigie mstari.

Chiriku


25 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, tena marahaba ya kweli.

Aliyeazima kalamu yangu bila ruhusa amekaripiwa. Alinijibu kitu, nadhani kirefu, sikukisikia. Hakusema uongo hata hivyo. Sikio la kulia limefunga duka, la kushoto linafungua kwa nadra. Ninasikia vizuri zaidi kwa miguu.

Nimeisoma barua yako, nikaikunja, nikaifungua tena. Nilidhani nimekujibu swali lako la mwezi wa kwanza. Kumbe nilijibu la dada yangu. Uliandika "kazi zangu nyinginezo" nami nikalipita neno hilo kama muuzaji. Kazi gani? Swali ninalolifahamu kuliko yote, nikalijibu mwenyewe kwa niaba yako.

Basi tuanze upya, na safari hii nakuuliza. Kazi ni katuni: picha nyingi, nzito, zinazosomwa na kuandikwa kwa pamoja, na ramu ya kutosha kuzishika. Hao ndio wageni wengi wanaokuja kwa wakati mmoja. Bodi ya kwanza ndiyo yako. Jaza nafasi mbili za ramu sasa na mbili uziache wazi kwa siku kazi itakapokua. Diski yenye programu zako za kuchorea ikae ile nafasi inayoingia kwa mkurugenzi moja kwa moja, picha za konokono zikae nafasi ya pili. Prosesa unayo, utahama nayo. Hilo ni shauri la mwalimu, na unaweza kulibishia.

Lililobaki si shauri la mwalimu.

Dada hakukulea uwe mlinzi wa mashine. Unadhani kwa nini alikuwa akiviacha vile vikaratasi ulivyochora nyuma yake? Mimi nilikuwa namwuliza mbona msumari umejaa hatuvitoi. Aliniambia, "Usivitupe, vina upande wa pili." Nilidhani anabania karatasi.

Unaweza kuacha. Haya, nimeandika.

Na bodi ya pili isirudi dukani. Ikae pamoja na mashine, na kadi yake, na diski ya dada, vije huku kwangu. Nina prosesa ya kawaida kabatini, ya tundu lile lile. Nimeshazungumza na mkaza mjomba wako, yaani nimeandika na yeye akaandika. Amekubali kwa masharti: si sebuleni, si chumbani, na wala si karibu na vyombo vyake vya udongo. Tumesafisha stoo. Kuna sakafu nzuri ya saruji, ngumu, inayopitisha mtetemo vizuri. Nimeijaribu kwa kuruka. Goti halikufurahi.

Wateja wa nembo umpe fundi cherehani yeyote jirani anayeaminika, mwelekeze vizuri. Mimi siwezi kushindana na majira ya shule tena.

Usije ukailipia safari ya mashine kutoka kwenye pesa ya bodi. Hilo ni langu.

Mjomba wako


30 Agosti

Mjomba, mkaza mjomba,

Shikamooni.

Imeondoka. Wapakiaji walikuwa wanne, na mmoja wao aliuliza kama ni kitanda cha hospitali, kwa sababu ya rangi ya ngazi nadhani. Walipoiinua niliwaonyesha "polepole" kwa mikono kama enzi zile. Wakaelewa vizuri tu.

Imeacha alama nne sakafuni. Usiku wa kwanza nilisikia kitu kikigonga, nikadhani kuna mtu mlangoni. Ilikuwa saa ya ukutani. Iko hapo tangu nihamie, sikuwahi kujua kwamba ina sauti.

Bodi ya kwanza imefungwa, nimeilipia kwa pesa za nembo. Daktari alivaa glavu mpya kwa heshima yake. Aliniuliza, "Dada, mbona ulizunguka sana kufika hapa?" Nikamwambia ni mambo ya kifamilia. Akasema, "Aa, basi hayo hayana chipseti."

Konokono anatembea, Mjomba. Anatembea vizuri mpaka ilibidi nimpunguze mwendo, alianza kufanana na mjusi. Nilipeleka filamu siku tatu kabla ya mwisho. Ijumaa wameniita. Mkuu wao ni mama mmoja mwenye miwani kichwani na mingine machoni. Aliitazama yote, akairudisha mwanzo, akaitazama tena. Halafu akauliza, "Saa hii aliyoibeba mgongoni, nani alikufundisha kuchora vitu vinavyotetemeka?" Nikamwambia nimekulia karakana. Naanza rasmi mwezi ujao.

Nilitaka kumwambia mama. Nilisimama pale katikati ya alama nne, nikasema kwa sauti. Chumba kitupu kinarudisha maneno. Nikajisikia mwenyewe.

Niambie ikifika.

Chiriku


14 Septemba

Chiriku wangu,

Marahaba, na hongera ambazo mkaza mjomba wako amezipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameoa. Vigelegele hivyo niliviona tu, lakini vilikuwa virefu.

Imefika. Mlango wa stoo ukabidi uvunjwe upande mmoja. Niliposimama nikiutazama ule ukuta uliomeguka, nikacheka peke yangu, na fundi mwashi akadhani namcheka yeye.

Nimefunga bodi kwa mkono wangu, taratibu, siku tatu za kazi ambayo zamani ilikuwa ya asubuhi moja. Vidole havioni vizuri. Mkaza mjomba wako alinishikia tochi na kuniongoza mikono. Nikachomeka kadi. Tukawasha.

Sikusikia. Nisikupambe: sikusikia kitu hata kimoja. Nilitazama sindano zinashuka na kupanda, kama mvua unayoitazama kwa dirisha. Nikavua viatu. Ikaja kwa nyayo, ikapanda magotini, ikafika kifuani, na hapo nikajua iko mwendo wa pili na uzi wa kushoto umelegea kidogo. Nikazima, nikaukaza, nikawasha. Mkaza mjomba wako alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, na anasema kitu. Nikamwambia, "Andika." Akaandika: *Kelele hizi!*

Tumekaa stoo wiki nzima. Diski ya dada ina michoro yake yote. Tumeipitisha mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwenye kipande cha kitambaa. Nembo ya shule ya kwanza iliyomwamini. Ua la mito ya harusi, lile lenye petali moja iliyopinda ambalo hakuwahi kulinyoosha kwa sababu wateja walilipenda hivyo. Taji, nyota, herufi za majina ya watu waliokwisha kuzeeka. Kila mmoja tulitaja mwaka wake, tukabishana kwa kalamu, tukakubaliana. Jana jioni tumemaliza wa mwisho.

Mashine ikasimama. Kwenye kioo yakatokea yale maneno yake ya siku zote, kuuliza mchoro unaofuata. Nikakaa nikiyatazama. Ningeweza kuanza tena kutoka wa kwanza, na mkaza mjomba wako alikwisha kunyoosha kitambaa kwa ajili hiyo. Nikamzuia mkono.

Nichoree kitu, Chiriku. Programu ni ya zamani, haipendi rangi nyingi, ipe nne. Mistari isikaribiane sana, uzi utasongamana. Ukubwa usizidi kiganja. Mengine yote ni juu yako. Usinichoree ua, usinichoree taji. Ya mama yako ninayo yote. Nataka ya kwako.

Mjomba wako